Mgawanyo wa Kazi Ndani ya Kompyuta: Kadi ya Mtandao na Prosesa ya Viini Vingi

Maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na walimu wa Kilwa na mwambao wa Lindi



Katika mwezi wa Mei 2024 wananchi wa mwambao wa kusini walipata misukosuko miwili ya mawasiliano kwa muda wa siku chache. Kwanza kilikuja kimbunga Hidaya, na mafuriko ya siku zile yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakajipanga pande zote mbili za maji. Kabla watu hawajamaliza kulizungumza jambo hilo, tarehe 12 ya mwezi huo huo mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo.

Misukosuko hiyo ilikuwa mikubwa, lakini sababu zake zilikuwa wazi. Barabara imekatika, ijengwe; mkongo umekatika, uungwe. Yako maradhi mengine ya mawasiliano ambayo hayana dalili ya wazi kama hiyo. Waya ni mzima, kompyuta ni mpya, umeme upo, na bado kazi haiendi. Mwananchi aliyetoka Nanjilinji au Kipatimu kwa nauli yake, akafika Kilwa Masoko kutaka namba ya kumbukumbu ya malipo ili alipie leseni, anaambiwa kwamba mtandao uko chini, arudi kesho. Mwalimu anayepeleka taarifa za wanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani anaanza saa mbili asubuhi, na saa nane mchana bado anautazama ukurasa ule ule. Siku hizi hata minada ya ufuta na korosho ya mkoa wa Lindi imeingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Maana yake ni kwamba jasho la mkulima la mwaka mzima linapita, kwa dakika chache, katika waya na kompyuta.

Mazungumzo haya yanahusu moja tu kati ya maradhi hayo, nalo ni la kadi ya mtandao kuielemea sehemu moja ya kompyuta huku sehemu nyingine zikikaa bure. Limechaguliwa kwa sababu mara nyingi linaweza kutibiwa bila kununua kitu, na kwa sababu lisipojulikana huwafanya watu wanunue vitu wasivyovihitaji.

Kadi ya mtandao ni kile kifaa ndani ya kompyuta ambacho waya wa mtandao huchomekwa. Kazi yake ni kama ya gati: habari zote zinazoingia na kutoka hupita hapo. Habari hizo haziji kama maji ya mto; huja zimekatwa katika pakiti, kila pakiti ikiwa na anwani ya itokako na ya iendako, na kwa desturi haibebi zaidi ya baiti 1,500. Pakiti inapofika, kadi huiweka katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha huipelekea prosesa ishara ya kuikatiza kazi iliyokuwa ikifanya. Prosesa huweka alama pale ilipofikia, huikagua pakiti, huifikisha kwa programu inayoihitaji, ndipo hurejea kwenye shughuli yake ya awali. Ishara hiyo na iitwe mkatizo.

Zamani prosesa ilikuwa na kiini kimoja cha kufanyia hesabu, na swali la nani aitikie mkatizo halikuwapo. Watengenezaji waliongeza nguvu kwa kuyaharakisha mapigo ya kiini hicho mwaka hata mwaka, mpaka joto likawazuia. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa prosesa ya POWER4 yenye viini viwili katika kipande kimoja, na mwaka 2005 AMD na Intel wakavileta viini viwili katika prosesa za kompyuta za kawaida. Leo kompyuta ya mezani yenye viini vinne si jambo la ajabu hata kidogo, na seva huwa na viini kumi na sita au zaidi. Mnunuzi asomapo kwamba mashine ina viini vinane hudhani amepata mashine yenye mbio mara nane. Sivyo. Amepata wafanyakazi wanane wenye mbio zile zile, na ikiwa kazi yote imeandikwa kwa jina la mmoja wao, saba watakaa barazani.

Na hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa. Kadi yenye foleni moja ya kupokelea hutoa mkatizo wa aina moja, na mkatizo huo huelekezwa kwa kiini kimoja. Kiini hicho hujaa kazi asilimia 100 na pakiti zikaanza kutupwa. Lakini yule anayetazama wastani wa kompyuta nzima yenye viini vinane huona asilimia 12 au 13 tu, kwani mmoja kwa nane ndiyo hiyo. Hapo mtaalamu wa ofisi husema, kwa unyofu kabisa, kwamba mashine haina kazi nzito, na kwamba lawama ziende kwa waleta mtandao. Takwimu haikudanganya; imesomwa vibaya.

Jambo hili si geni kwa watu wa Kilwa kama linavyoweza kudhaniwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliokuwa ukiishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Vyombo havikufika kimoja kila siku mwaka mzima, bali vilikuja pamoja kwa msimu. Mtu ambaye angeipima bandari ile kwa wastani wa mwaka angeiona kubwa kupita kiasi, na ambaye angeipima katika juma moja la msimu angeiona ndogo. Pakiti nazo huja kwa msimu, ila msimu wake hudumu sehemu ya elfu ya sekunde. Ndiyo sababu ofisi inaweza kuwa na wastani mdogo wa matumizi na bado ikapoteza pakiti.

Yafaa hesabu yenyewe itazamwe, hasa na walimu. Waya wa gigabiti moja hupitisha biti bilioni moja kwa sekunde. Pakiti ndogo kabisa katika mtandao wa Ethernet ina baiti 64. Ukiongeza baiti 20 za utangulizi na nafasi ya kutenganisha, huchukua baiti 84 za waya, yaani biti 672. Gawanya, utapata pakiti 1,488,095 kwa sekunde. Kwenye waya wa gigabiti kumi idadi hiyo huzidishwa kwa kumi, na kila pakiti huachiwa nanosekunde 67 na kidogo. Kiini chenye mapigo bilioni tatu kwa sekunde hupata mapigo kama 200 tu ndani ya muda huo, hali kazi ya kuikagua na kuifikisha pakiti moja kwa njia ya kawaida huhitaji mapigo elfu moja au zaidi. Ni dhahiri basi kwamba kiini kimoja, hata kiwe hodari namna gani, hakiwezi. Pakiti zikiwa kubwa hali huwa nafuu sana: waya wa gigabiti moja hubeba pakiti kama 81,000 tu za ukubwa wa juu kwa sekunde. Kwa hiyo mzigo wa kadi haupimwi kwa wingi wa baiti peke yake, bali kwa idadi ya pakiti. Simu zinazopita katika intaneti, maulizo ya majina ya tovuti na ujumbe mfupi wa mifumo huleta pakiti ndogo ndogo nyingi, nazo ndizo zinazochosha.

Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza hali iliyo mbaya zaidi. Mikatizo ikizidi kiwango fulani, kompyuta hutumia muda wake wote kuiitikia, isipate hata nafasi ya kuimaliza pakiti moja. Inahangaika, inatoa jasho, na haizalishi kitu. Ofisini yuko karani wa namna hiyo: kila akiinamia jalada simu inalia, na jioni majalada ni yale yale. Dawa iliyopatikana, nayo ikaingizwa katika mfumo endeshi wa Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la NAPI, ni kumwambia mpiga simu anyamaze baada ya mlio wa kwanza, na karani aende mwenyewe mlangoni kuchukua barua kwa mafungu mpaka zimalizike. Kadi nyingi huweza pia kuagizwa zingoje kidogo zikusanye pakiti kadhaa ndipo zitoe mkatizo mmoja. Kungoja huko kuna gharama: mzigo mzito huenda vizuri zaidi, bali yule anayezungumza kwa simu ya intaneti husikia ucheleweshaji. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila ofisi.

Dawa hizo zilikiokoa kiini kimoja kisizimie. Hazikuviamsha vile saba.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuzigawa pakiti kwa zamu: ya kwanza kwa kiini cha kwanza, ya pili kwa cha pili, na kadhalika. Linaonekana la haki, lakini ni baya. Pakiti za barua moja zikipewa viini mbalimbali humalizika kwa nyakati mbalimbali, na ya tano hutangulia mbele ya ya tatu. Itifaki ya TCP, ambayo ndiyo inayosafirisha sehemu kubwa ya habari za intaneti, kwa desturi yake ya miaka mingi hudhani kwamba pakiti iliyorukwa na wenzake watatu imepotea. Huituma upya na kupunguza mwendo. Hivyo mgawanyo uliokusudiwa kuongeza kasi huipunguza. Tena, kila kiini kina kumbukumbu yake ndogo ya karibu, kama meza ya karani ilivyo na jalada lililofunguliwa. Pakiti mbili za shughuli moja zikienda kwa viini viwili, jalada hubebwa kutoka meza hadi meza, na kila mmoja humngoja mwenzake alifunge.

Njia iliyo sawa inafanana na desturi ya gati. Katika bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Septemba 2023, au katika bandari yoyote, mizigo yenye alama ya mwenye mali mmoja hupelekwa kwa karani mmoja, na ya mwingine kwa karani mwingine. Makarani wote wana kazi, na hesabu ya kila tajiri haichanganyiki. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya viini vingi hufanya vivyo hivyo. Inachukua anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na namba za milango yao, inazipigia hesabu, na jibu la hesabu hiyo huamua foleni ambamo pakiti itaingia. Pakiti za mazungumzo mamoja hupata jibu lile lile daima, kwa hiyo huenda kwa kiini kile kile kwa mpangilio wake. Utaratibu huo hujulikana kwa herufi RSS, na Microsoft iliuingiza katika Windows Server 2003 kwa nyongeza ya mwaka 2006.

Kadi si sawa zote. Ile ya Intel inayoitwa I210 ina foleni nne za kupokelea. I350 ina nane kwa kila mlango wake. Nyingi za bei nafuu zinazokuja na kompyuta za mezani zina moja tu. Wenye kadi ya foleni moja hawakuachwa. Mwaka 2010 Tom Herbert wa Google alichangia katika Linux, toleo la 2.6.35, utaratibu wa kufanya mgawanyo huo kwa programu: kiini kimoja huitikia mkatizo, hupiga ile hesabu ya anwani, kisha huwakabidhi wenzake kazi iliyobaki. Kiini hicho cha kwanza hakipumziki, maana yeye ndiye mlangoni, lakini kazi nzito ya ukaguzi huwa imegawanyika. Kinachosikitisha ni kwamba utaratibu huo huja umezimwa. Faili yake ina sifuri mpaka mtu aandike ndani yake namba inayotaja viini vinavyoruhusiwa. Kwa viini vinane vyote namba hiyo ni ff. Herufi mbili! Kuna ofisi ambayo ingetengeneza andiko la kuomba mamilioni ya fedha kabla ya kuandika herufi mbili.

Hata hivyo yafaa mipaka ya dawa hii ijulikane. Hesabu ya anwani hugawa vizuri pale penye mazungumzo mengi. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, maelfu ya wazazi na wanafunzi hufungua kurasa kwa wakati mmoja, na kila mmoja ni mazungumzo yake; seva yenye foleni nyingi hugawa mzigo huo bila taabu. Lakini mtu anayenakili faili moja kubwa kutoka Lindi mjini kwenda Dar es Salaam ana mazungumzo mamoja tu, na viini sabini visingemsaidia. Tatizo lililojificha zaidi liko kwa ofisi iliyounganishwa na makao makuu kwa njia moja ya siri, ambamo pakiti zote hufungwa ndani ya bahasha zenye anwani mbili tu. Kadi husoma bahasha, haisomi barua iliyomo. Watumishi hamsini huonekana kama mtu mmoja, na wote hupelekwa kwenye foleni moja, hata kama kadi ina foleni nane. Mahali kama hapo yafaa mgawanyo ufanywe baada ya bahasha kufunguliwa, au njia zenyewe ziwe zaidi ya moja.

Tena si kila ukawiaji ni wa kadi. Ofisi iliyokodi njia ya megabiti 20 haiwezi kuielemea kadi ya gigabiti moja kwa faili za kawaida. Kulaumu kadi hapo ni sawa na kulaumu gati la Kilwa Kivinje kwa kuwa bahari imekupwa. Katika kompyuta ya karani mmoja ugonjwa huu ni nadra. Unapatikana hasa mahali pa makutano: seva inayohudumia idara nyingi, na ruta au kifaa cha ulinzi kinachosimama kati ya ofisi na mkongo. Vifaa hivi vya mlangoni, hasa vya bei nafuu, huwa na viini vinne dhaifu, na kila pakiti hupitishwa katika orodha ndefu ya masharti ya ukaguzi na kubadilishiwa anwani. Gharama ya pakiti moja hupanda, na kiini kimoja huweza kujaa hata kabla waya haujafika nusu. Ofisi ilipopata njia pana zaidi ikaona hakuna tofauti, hapo ndipo pa kuanzia kutazama.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo la kununua mashine kabla ya kuzijua. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta ilileta matatizo makubwa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo imekwisha kitambo, na hakuna mtu mwenye akili atakayeitaka irudi. Lakini chanzo chake hakikuwa ubaya wa mashine. Kwa sehemu kubwa kilikuwa uchache wa Watanzania waliojua kuziendesha na kuzihoji. Sasa mikongo ya baharini imefika, Mkongo wa Taifa umejengwa kuanzia mwaka 2009, na mifumo ya fedha, manunuzi na elimu yote imehamia mtandaoni. Wajuzi wapo, hata wilayani. Ambacho hakijazoeleka ni desturi ya mkuu wa idara kuuliza kiini kipi kimejaa kabla ya kutia saini ombi la seva mpya.

Kuuliza hakuhitaji shahada. Kwenye mashine ya Windows fungua dirisha la kazi na uchague kuonyeshwa kila kiini peke yake badala ya wastani. Michoro saba ikiwa chini na mmoja ukiwa umegonga dari wakati ofisi inalalamika, dalili ndiyo hiyo. Amri ya Get-NetAdapterRss itaeleza kama mgawanyo umewashwa. Kwenye Linux ipo faili iitwayo /proc/interrupts: kila mstari ni mkatizo mmoja, kila safu ni kiini. Soma mistari ya kadi ya mtandao mara mbili kwa kupishana dakika moja. Namba zikiongezeka katika safu moja tu, kadi ina foleni moja au mgawanyo haujafanywa. Zikiongezeka katika safu zote na bado kazi ni nzito, kadi haina hatia. Tatizo liko kwingine, na muda usipotezwe hapo. Kazi hii ifanyike saa ambayo watu wanalalamika, siyo jioni ofisi ikiwa tupu.

Liko jambo moja la mwisho, nalo limekwisha kuwachosha wengi. Mabadiliko yanayoandikwa katika faili hizo za Linux hukaa katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika na mashine ikawaka upya, ile ff hurudi kuwa sifuri, na Jumatatu asubuhi malalamiko huanza tena kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo amri hiyo iandikwe pia katika faili inayosomwa kila kompyuta inapowaka, na nakala ya karatasi iwekwe katika jalada la mashine husika, pamoja na tarehe na vipimo vya kabla na baada, ili mtaalamu akihamishiwa Liwale au Nachingwea mwenzake aikute.